Aiskrimu za ladha ngeni: maswali ambayo watu wa Tanga huniuliza mara kwa mara

Ukiwa unapokea oda za aiskrimu za harusi na maulidi hapa Tanga, maswali hayaishi. Mmoja ameona video ya aiskrimu nyeusi tititi, mwingine katumiwa picha ya aiskrimu ya ngisi kutoka Japani, wa tatu anataka kujua kama bungo linagandishika. Nimekusanya hapa yale yanayojirudia. Penye mengi ya kusema nimesema, pasipo na mengi nimepita haraka. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ladha ngeni zinazodumu ni zile zilizotokana na kinacholimwa, kinachovuliwa au kinachofugwa mahali penyewe, na kwa hesabu hiyo Tanga tuna utajiri ambao bado hatujaugusa.

Aiskrimu ya kitunguu saumu ipo kweli, au ni mambo ya mitandaoni?

Ipo, na ina miaka mingi. Mji wa Gilroy, California, unajulikana kwa kulima na kusindika kitunguu saumu, na mwaka 1979 wenyeji walianzisha tamasha la zao lao. Aiskrimu ya saumu ikapatia jina hapo. Msingi wake ni uleule wa maziwa, krimu na sukari. Saumu inaingia kidogo tu. Ukiilamba unaanza na utamu, saumu inakuja nyuma, ulimi ukishapasha.

Ukitaka kujaribu nyumbani, chemsha punje za saumu ndani ya maziwa kwa moto mdogo mpaka zilainike, halafu zichuje. Saumu mbichi iliyotwangwa usiitie kabisa. Ukali wake hautulizwi na baridi, na friza nzima itanuka.

Duka lenye ladha nyingi kuliko yote liko wapi?

Lililoingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness ni Heladería Coromoto, mjini Mérida, Venezuela. Mwanzilishi wake, Manuel da Silva Oliveira, alikuwa mhamiaji kutoka Ureno, na orodha yake ilivuka ladha 800. Ndani yake mlikuwa na parachichi, maharage meusi, saumu, nyama ya ng'ombe, hata mlo mzima wa Kivenezuela wa wali, maharage na nyama ya kuchambua, umegandishwa ndani ya koni moja. Mwaka 2014 nchi ilipokumbwa na uhaba wa maziwa, duka hilo lililazimika kufunga milango kwa muda.

Kwa maoni yangu, ladha 800 ni nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzisimamia vizuri. Ila samaki wa traut wa Mérida namwelewa. Mji uko katika milima ya Andes, traut ni kitoweo maarufu huko, na mtu alijiuliza tu: kwa nini isiwe aiskrimu?

Wajapani wanakula aiskrimu ya nyama ya farasi?

Iliwahi kuuzwa, ndiyo. Eneo la burudani la Namja Town, Ikebukuro, Tokyo, lilipata umaarufu kwa aiskrimu za nyama mbichi ya farasi, ulimi wa ng'ombe, ngisi na vingine vya namna hiyo. Hizo watu hununua ili wapige picha na kusimulia.

Aiskrimu ambazo Mjapani anazila kwa mapenzi ni za chai ya kijani iliyosagwa, yaani macha, za ufuta mweusi, na za maua ya mcheri msimu wake ukifika. Kule Azumino, mkoa wa Nagano, kuna shamba kubwa la wasabi, ile mizizi mikali inayopanda puani, na wageni huuziwa aiskrimu ya wasabi palepale shambani. Mchuzi wa soya nao hutiwa kwenye aiskrimu ya maziwa. Usishangae: chumvi kidogo inainua utamu. Mama zetu wanalijua hilo, ndiyo maana wanatia chumvi kwenye uji wenye sukari.

Kati ya hizo zote, ya ufuta ndiyo ninayowaombea watu wa Tanga waionje. Ufuta tunao. Unaukaanga kwenye kikaango kikavu bila mafuta, huku unatikisa, mpaka zile mbegu zianze kurukaruka na harufu ijae jikoni. Hapo hapo epua, kwa sababu nusu dakika ya ziada inaleta uchungu. Utwange ungali na moto mpaka utoe mafuta na ugeuke rojo, ndipo uuchanganye na maziwa ya moto yenye sukari. Ufuta mweupe unafaa pia, tofauti yake kubwa ni rangi.

Ile ya zambarau ya Wafilipino imetiwa rangi gani?

Ikiwa ni ya asili haina rangi ya kutia. Ni kiazi kikuu. Wafilipino wanaita ube, na kisayansi ni Dioscorea alata, aina ileile ya viazi vikuu tunavyovijua sisi, ila chao nyama yake ya ndani ni ya zambarau iliyokolea. Wanakichemsha, wanakiponda, wanakipika taratibu na maziwa, sukari na siagi mpaka kiwe jamu nzito, na hiyo jamu ndiyo inayogandishwa.

Hili linanigusa sana. Viazi vikuu kwetu ni futari ya Ramadhani, vya nazi, na ukiviacha vipoe vikagandamana na tui lake, tayari umeshapata nusu ya aiskrimu. Wanga wake unashika maji, kwa hiyo aiskrimu haifanyi chembechembe za barafu. Nimegandisha viazi vikuu vyeupe kwa tui na iliki, na wazee waliokula walinyamaza kwanza, kisha wakaomba tena. Rangi haikuwa ya kupendeza kwenye picha, inaelekea kijivu, lakini ladha yake ni ya nyumbani kabisa.

Wafilipino hao hao wanapenda aiskrimu ya jibini. Wauzaji wa mitaani wenye mikokoteni ya rangi nyingi huuza jibini na ube pamoja, tena wakati mwingine ndani ya mkate badala ya koni. Singapore nako utauziwa kipande cha aiskrimu kilichofunikwa kwa slesi ya mkate. Mimi huweka aiskrimu ya nazi juu ya mkate wa kumimina, na sijaona mteja aliyelalamika.

Kwa nini aiskrimu ya Kituruki inavutika bila kukatika?

Kwa sababu ya vitu viwili. Cha kwanza ni salepi, unga unaotokana na viazi vya okidi za porini. Cha pili ni mastaki, utomvu wa mti unaochimbuka kwenye kisiwa cha Chios, Ugiriki. Salepi inafanya maziwa yawe mazito na yenye kunata. Kupondwa na kuvutwa kwa nguvu kunamalizia kazi. Aiskrimu ya Kahramanmaraş, kusini mwa Uturuki, ni ngumu kiasi kwamba huliwa kwa kisu na uma. Damasko, ndani ya soko la Al-Hamidiyah, duka la Bakdash limekuwa likiponda aiskrimu yake kwa michi mikubwa ya mbao tangu karne ya 19, kisha huizungushia pistachio zilizokatwakatwa.

Salepi halisi usiitafute. Ili kupata kilo moja ya unga, okidi nyingi mno hung'olewa porini, na Uturuki imepiga marufuku kuiuza nje ya nchi. Na sisi Watanzania jambo hili linatuhusu: viazi vya okidi za nyanda zetu za juu kusini vimekuwa vikichimbwa na kusafirishwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na uchimbaji huo ulikuwa sababu mojawapo ya kulindwa kwa uwanda wa juu wa Kitulo, ambao ukawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ukitaka uzito, tumia kastadi au wanga wa muhogo. Haitavutika kama ile, lakini hakuna ua litakalopotea.

Nasikia Waomani wana aiskrimu ya ubani. Nitie ubani wa sokoni?

Waomani wanayo kweli. Ubani wa Dhofar ni fahari yao, na aiskrimu yake ina harufu ya ndimu na msonobari. Lakini ubani tunaofukizia majumbani usiutie kwenye chakula. Mwingi umechanganywa na vitu vya kuchoma, una vumbi na magome, na hujui umehifadhiwaje. Unatakiwa ubani safi uliochambuliwa kwa ajili ya kuliwa, loweka kwenye maji usiku kucha, tumia maji yake kidogo tu. Kama huna hakika na ulichonunua, shika marashi ya waridi. Wairani nao wana aiskrimu yao ya zafarani, marashi ya waridi na pistachio, na ukiila utadhani imetengenezwa na bibi wa Pwani.

Ladha za ajabu zilianza lini? Zamani si ilikuwa vanila tu?

Kinyume chake. Zamani ndiko kulikokuwa na maajabu.

Moja ya mapishi ya kale kabisa ya aiskrimu yaliyoandikwa kwa Kiingereza yamo katika daftari la Lady Ann Fanshawe, la miaka ya 1660. Anaelekeza krimu itiwe basibasi, au maji ya maua ya mchungwa, au ambari. Ambari! Ile ile inayotoka tumboni mwa nyangumi na kuokotwa ufukweni. Karne 7 kabla yake, msafiri Al-Masudi alikuwa ameshaandika juu ya ambari ya bahari ya Zanj, yaani bahari yetu hii. Siwezi kusema ambari ya mama yule ilitoka wapi, lakini pwani yetu ilikuwa inaijua na kuiuza kabla aiskrimu haijafika Uingereza.

Mwaka 1789 mpishi wa Kiingereza Frederick Nutt alichapisha mapishi ya aiskrimu ya jibini la Parmesan. Baadaye Waingereza wakapenda sana aiskrimu ya makombo ya mkate wa ngano nzima, na ya tango. Kwa hiyo anayekwambia aiskrimu ya jibini ni ushamba wa siku hizi, mpe mwaka huo.

Na vanila yenyewe ilikuwa ngeni kuliko zote. Asili yake ni Mexico, ambako ua lake huchavushwa na nyuki wa huko. Ulipopelekwa kwingine mmea ulistawi, ukachanua, lakini haukuzaa. Aliyepata njia rahisi ya kuuzalisha ni kijana mtumwa katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 12. Kwa kijiti na kidole gumba alinyanyua utando mdogo ulio ndani ya ua na kubana chavua mahali pake. Ua la vanila hufunguka siku moja tu, likikupita limekupita. Mpaka leo vanila ya Madagaska, Komoro na hata ya kwetu Kagera na Unguja huchavushwa kwa mkono, ua kwa ua, kwa njia ya mtoto yule. Alipata uhuru utumwa ulipokomeshwa kisiwani mwaka 1848, akafa maskini mwaka 1880. Kila anayelamba koni ya vanila anakula kazi yake, na jina lake lingepaswa kujulikana hapa kwetu zaidi ya linavyojulikana.

Kuna aiskrimu isiyo na maziwa wala sukari kabisa?

Wenyeji wa Alaska wana akutaq. Mafuta ya mnyama kama karibuu au sili hupigwa kwa mkono mpaka yawe meupe na mepesi, kisha huchanganywa na matunda madogo ya porini, pengine samaki aliyechambuliwa na theluji. Ni chakula cha nchi ya baridi kali, ambako mafuta ni uhai. Kwa joto la Tanga hata singejaribu.

Vipi ile ya maziwa ya mama?

Ilitengenezwa London, Februari 2011, katika duka moja la Covent Garden. Halmashauri ya Westminster ikaichukua kwenda kuipima. Hiyo ni ladha iliyobuniwa ili magazeti yaandike, na yakaandika kweli.

Na Waafrika tuna zetu?

Tunazo, ingawa wengi wetu bado tunaiga vya nje. Mfano ninaoupenda ni wa Tapiwa Guzha, Mzimbabwe mwenye shahada ya uzamivu katika baiolojia ya molekyuli, aliyeanzisha Tapi Tapi mjini Cape Town. Alikataa vanila na stroberi za kawaida, akageukia ulezi, ubuyu, udongo wa kuliwa, majani na mimea ya dawa, hata samaki wakavu. Udongo wa kuliwa! Sisi wajawazito wetu wanauchukua sokoni kimyakimya. Yeye aliona kwamba harufu ya mvua ya kwanza juu ya ardhi kavu ni kumbukumbu ya kila Mwafrika, akaiweka kwenye koni. Hilo ndilo ninaloliita ubunifu.

Kwa sisi Waislamu, ladha hizi ni halali?

Swali hili ni la msingi hapa Tanga, na ladha yenyewe mara nyingi siyo shida. Shida ni viungo vidogo ambavyo havionekani. Angalia gelatini, ambayo inaweza kuwa ya nguruwe. Angalia aiskrimu ya zabibu kavu, kwa sababu ile ya asili hulowekwa ndani ya pombe kali. Rangi nyekundu ya E120 hutokana na wadudu. Na arki nyingi za vanila hutengenezwa kwa spiriti. Kuhusu nyama ya farasi na wadudu, wanazuoni wana kauli tofauti, muulize sheikh wako. Mimi sitii gelatini wala pombe, na ninatumia kiini cha vanila cha kwenye ganda pale ninapokipata.

Kwa nini aiskrimu ikiyeyuka inakuwa tamu kupita kiasi?

Ulimi uliopoa hauhisi sukari vizuri. Ndiyo maana mchanganyiko kabla ya kugandishwa lazima uwe mtamu kuliko unavyodhani inafaa. Sukari ina kazi ya pili pia: inazuia maji yasigande yote, aiskrimu ibaki inachoteka. Ukipunguza sukari nusu kwa ajili ya afya, utapata jiwe. Pombe nayo inazuia kuganda, na zaidi sana, kwa hiyo aiskrimu za mvinyo hubaki tepetepe. Harufu ni habari nyingine, zinabebwa na mafuta. Ukitumia maziwa yaliyoondolewa krimu, iliki yako itaonekana imepotea.

Aiskrimu ya pilipili inawezekana? Ladha ya moto ndani ya barafu?

Inawezekana, na Wamexico ni mabingwa. Mji wa Dolores Hidalgo, jimbo la Guanajuato, una wauza aiskrimu pale uwanjani wanaokushawishi kuonja kamba, parachichi, bia, hata ngozi ya nguruwe ya kukaanga. Embe na pilipili ni jambo la kawaida kwao, na kwetu pia, maana hakuna mtoto wa Tanga asiyejua embe bichi la pilipili na chumvi. Ule ukali huyeyuka katika mafuta, hivyo krimu inaushika na kuuchelewesha. Koni inapoisha ndipo koo linapowaka. Mwambie mlaji mapema.

Wamexico wa Oaxaca wananifurahisha zaidi na aiskrimu yao ya maziwa yaliyoungua. Wanayaacha maziwa yashike sufuria kwa makusudi mpaka yapate harufu ya moshi, wanayagandisha, kisha wanayapakua pamoja na barafu nyekundu ya tunda la mpungate. Yale maziwa ambayo kwetu yangemletea binti maneno siku nzima, kule ni fahari ya mji.

Nyeusi ya mkaa ina faida gani mwilini?

Hakuna faida ya maana. Rangi inatokana na mkaa wa vifuu vya nazi, na mkaa huo unanasa vitu tumboni, zikiwemo dawa. Anayemeza vidonge vya presha, vya kupanga uzazi au vya kila siku vya aina yoyote asiile. Idara ya afya ya jiji la New York ilizuia mkaa kwenye vyakula mwaka 2018. Ukitaka weusi, nimeshakutajia ufuta.

Tanga tuna ladha gani za kuwaonyesha watu wa mbali?

Hapa nisimamisheni, la sivyo sitanyamaza.

Naanza na bungo. Juisi yake kila mtu anaijua, lakini bungo lililogandishwa huku likikorogwa ni kitu kingine: ile ladha ya kati ya embe na chungwa yenye ukakasi kidogo inatulia, na rangi ya dhahabu inabaki. Usilitie kwenye maziwa, yatakatika. Juisi nzito, sukari, chumvi kiasi cha ncha ya kisu, basi. Ukwaju ni vilevile. Ubuyu una unga wake mweupe wenye uchachu, na huo unapenda tui la nazi. Rangi nyekundu ya ubuyu wa kwenye vifuko waachieni watoto.

Iliki ya Amani, Muheza, inayotoka msitu wa Usambara Mashariki, ina harufu ambayo ya pakiti haiisogelei. Nunua maganda ya kijani, menya, twanga zile mbegu nyeusi muda uleule wa kupika. Mdalasini na pilipili manga za milima hiyo nazo zinafaa, hasa pilipili manga na nanasi. Machungwa ya Muheza nayachukua kwa maganda yake, nayakwangua juu juu bila kufika kwenye utando mweupe, kwa sababu harufu iko kwenye mafuta ya ganda.

Stafeli lililoiva hadi kulegea, likakamuliwa na kuchujwa mbegu, likagandishwa na maziwa ya Tanga, linashinda aiskrimu nyingi zenye majina makubwa. Fenesi lina kelele nyingi, tumia kidogo. Doriani la Unguja na Pemba, ambalo Wamalaysia wanalitengenezea aiskrimu na kulipa pesa nyingi, kwetu lina wapenzi na maadui; nalitengeneza kwa oda tu, na friza yake peke yake.

Na kuna kahawa. Kahawa chungu ya barazani, yenye tangawizi, ikichemshiwa maziwa na kugandishwa, halafu juu ikapondewa kashata ya nazi au ya karanga. Wazee wanaokunywa kahawa jioni Ngamiani waliniambia nimeharibu kahawa. Wajukuu zao ndio wananipigia simu.

Sina mashine. Naweza kutengeneza?

Unaweza, kwa ndoo, barafu na chumvi ya mawe. Hii ya nazi haina maziwa kabisa, kwa hiyo inamfaa na yule ambaye maziwa yanamsumbua tumbo.

Kuna nazi 3 zilizokomaa. Kamua kwa maji ya vuguvugu mpaka upate kama vikombe 3 na nusu vya tui zito. Tui la pili pikia wali. Chukua robo kikombe ya tui, vurugia vijiko 2 vya chakula vya kastadi. Tui lililobaki litie sukari kikombe kasoro robo, chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa, weka kwenye moto mdogo. Mimina ile kastadi huku unakoroga upande mmoja bila kuacha, ili tui lisikatike. Likianza kuwa zito na kushika mgongo wa mwiko, epua. Lipoe, kisha likae kwenye friji usiku mzima. Usiruke hatua hii, mchanganyiko uliopoa vizuri unaganda haraka na chembe za barafu zinabaki ndogo.

Kesho yake ponda barafu, ujaze ndoo kuizunguka sufuria yenye kifuniko, na kwa kila vibakuli 3 vya barafu tia kimoja cha chumvi. Chumvi inafanya barafu iyeyuke na kushuka baridi, karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Barafu ya wavuvi ya Deep Sea inafaa kwa kazi hii, ilimradi ibaki nje ya sufuria; tone lake lisiingie ndani. Zungusha sufuria kushoto na kulia, na kila dakika chache fungua ukwangue pembeni. Mwanzo utaona utando mwembamba ukishika ukuta wa sufuria. Ukwangue uchanganye. Baada ya nusu saa na zaidi mwiko utaanza kuwa mzito mkononi na kuacha mifereji isiyojifunga. Hapo hamishia kwenye friza kwa muda wa saa 4.

Umeme ukikatika, aiskrimu ikayeyuka, niigandishe tena?

Hapana. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inastahimili saa nyingi, hivyo usiwe unafungua kuchungulia. Lakini iliyoyeyuka ikawa uji usiirudishe, hasa yenye maziwa au mayai. Vijidudu vilivyokwisha kuzaliana haviuawi na baridi. Kwa sababu hiyo hiyo, maziwa mabichi kutoka kwa mfugaji lazima yachemshwe kwanza.

Nataka kuanza kuuza ladha ngeni mtaani. Nianze na ipi?

Anza na ladha moja tu ya kigeni katikati ya mbili zinazojulikana. Ukipanga ladha 10 ngeni kwenye deli moja, mteja atasimama, atacheka, ataondoka na maji ya kunywa. Tanga watu wanaonja kwa tahadhari, kwa hiyo kuwa na vijiko vidogo na umpe bure kabla hajauliza bei. Bungo linafaa kuanzia kwa sababu jina lake halimtishi mtu, halihitaji maziwa ya gharama, na baiskeli yenye deli zuri inalifikisha Raskazone likiwa bado limeshikamana. Akishazoea bungo, mwonjeshe ubuyu kwa nazi, ndipo ufikie ufuta.

Usisahau karatasi. Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula na sehemu za kuvitengenezea uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na maofisa afya wa jiji watataka kuona jiko lako na vipimo vya afya vya wanaoshika chakula. Nenda kawaulize wenyewe mapema, kabla hujanunua friza, maana wanaweza kukuelekeza namna ya kupanga jiko ukaokoa fedha ya kubomoa baadaye.